Kamari, Siri na Waya Mfupi: Historia ya Programu za Kuchora Ambayo Haisimuliwi

Wadau, kuna ubishi ambao hauishi kama wa Simba na Yanga: programu gani ya kuchora ni kali? Mchora ramani za nyumba atakwambia AutoCAD ndiyo mama wa zote. Injinia wa mitambo atakucheka na kukutajia SolidWorks. Kijana mwenye printa yake ya 3D chumbani atasema nyie wote mnalipa bure tu, FreeCAD ipo. Na kila mmoja yuko tayari kukesha akitetea upande wake.

Leo sitaki kuamua mshindi. Nataka tupige stori za nyuma ya pazia, maana ukizifuatilia unaona kuna swali kubwa kuliko hilo: kazi uliyoichora wewe, ufunguo wake kashika nani?

Siri iliyofungiwa kabatini

Tuanzie Ufaransa, mwaka 1959. Kampuni ya magari ya Citroën ilikuwa imemwajiri mtaalamu kijana wa hesabu, Paul de Casteljau. Shida yao ilikuwa bodi za magari. Mstari ulionyooka unapimwa kwa rula, sawa, lakini ule mpindo mtamu wa boneti unauelezaje kwa mashine ili ikate chuma kile kile kila siku? Jamaa akapata njia: weka nukta chache, halafu hesabu ivute mstari laini kuzifuata. Mabosi wakafurahi, wakaifungia. Siri ya kampuni.

Huku kwa wapinzani wao Renault, injinia Pierre Bézier naye alifika kwenye wazo hilo hilo kwa njia yake, miaka ya mwanzo ya 1960. Tofauti ni kwamba yeye aliandika na kuchapisha. Leo dunia nzima inaiita mikunjo ya Bézier. Ipo ndani ya herufi unazozisoma sasa hivi, ipo kwenye ile kalamu ya Illustrator unayotengenezea logo za wateja. Aliyetangulia alikuja kujulikana miaka mingi baadaye, na hadi leo wengi wanaotumia hesabu yake hawajawahi kumsikia. Inauma, lakini ndivyo kabati linavyofanya.

Watu 16 na pesa ya mchango

Kuchora kwa kompyuta kwenyewe kulionyeshwa mwaka 1963 pale MIT, Marekani. Mwanafunzi wa udaktari, Ivan Sutherland, alitumia kalamu ya mwanga kuchora moja kwa moja kwenye kioo. Ila kompyuta yenyewe ilikuwa kubwa kama chumba, kwa hiyo kwa miaka karibu 20 mchezo huu ulibaki wa jeshi, viwanda vya ndege na vya magari.

Mwaka 1982 watu 16 walichangishana karibu dola 59,000 wakaanzisha Autodesk. Kitu cha kuchekesha: bidhaa waliyoiwekea matumaini mwanzoni ilikuwa ya kupanga kazi za ofisini, na jina la kampuni likatoka huko. Programu ya kuchora ilikuwa moja tu kati ya kadhaa walizokuwa wanazijaribu. Wakaipeleka kwenye maonyesho ya kompyuta Las Vegas, Novemba mwaka huo, kwa bei ya dola 1,000 hivi, inayotumika kwenye kompyuta ndogo ya mezani. Ndiyo AutoCAD hiyo. Ofisi ndogo ambazo zisingeota kununua mitambo ya mabilionea zikaanza kuhama kwenye meza na rula.

Lakini ndani ya zawadi kulikuwa na kamba. Faili la DWG lilikuwa na muundo ambao kampuni haikuuweka wazi. Mchoro ni wako, ila kuufungua vizuri unahitaji programu yao. Wapinzani walichoka, na mwaka 1998 wakaungana kuuchambua muundo huo wenyewe ili programu zao nazo ziweze kuusoma. Yaani watu walianzisha umoja mzima ili tu kufungua mafaili!

Mcheza karata

Hii nayo tamu. Kulikuwa na mhitimu wa MIT aliyekuwa kwenye ile timu maarufu ya wanafunzi waliokuwa wanakwenda kasino kucheza blackjack kwa hesabu za kichwani. Inasimuliwa kuwa dola milioni 1 za huko ndizo zilimsaidia kuanzisha SolidWorks mwaka 1993. Wakati huo programu nzito za 3D zilitaka mashine maalumu na bei ya gari. Yake ikatoka 1995, ikakaa kwenye Windows ya kawaida, chini kidogo ya dola 4,000. Mwaka 1997 Wafaransa wa Dassault Systèmes wakainunua kwa dola milioni 310. Karata hizo zililipa, aisee.

Waya uliopungua

Sasa njoo kwa Airbus, miaka ya 2000, wakitengeneza A380, ndege kubwa kuliko zote za abiria. Wajerumani na Wahispania walikuwa wanachora kwa toleo la zamani la CATIA, Wafaransa na Waingereza kwa toleo jipya. Jina moja, kampuni moja, ila matoleo hayo hayakuwa yanaelewana vizuri. Vipande vya ndege vikatoka Hamburg hadi Toulouse, mafundi wakaanza kuunganisha nyaya, hazifiki. Kila ndege ina mamia ya kilomita za nyaya, na zilipaswa kupangwa upya.

Ndege ya kwanza ilikabidhiwa Oktoba 2007, karibu miaka miwili nyuma ya ratiba. Hasara ilihesabiwa kwa mabilioni ya euro na vigogo wakaachia viti mwaka 2006. Hakukosekana programu kali pale. Kilichokosekana ni mafaili kusomana.

Kijana wa Java

Mwaka 2013 General Electric ilifanya kitu ambacho wale mabosi wa Citroën wangezimia kukiona. Ilichukua kishikizo cha injini ya ndege, ikaweka mchoro wake hadharani kupitia GrabCAD, mahali ambapo mainjinia na wapenzi wa kuchora wanabadilishana kazi zao, ikasema: nani anaweza kukipunguza uzito bila kukidhoofisha? Zikaja karibu kazi 700 kutoka nchi 56. Aliyeshinda alitoka Salatiga, mji wa Java, Indonesia. Kishikizo cha gramu 2,033 alikishusha hadi gramu 327, na kikapita vipimo. Zawadi ya kwanza ilikuwa dola 7,000.

Unaweza kusema GE walipata mteremko kwa bei hiyo, na mimi sikatai. Lakini bila mchoro kuwa wazi, huyo kijana angegonga mlango gani?

Cha bure kina mwenyewe

Mwaka 2016 Autodesk iliacha kuuza leseni za kudumu za programu zake nyingi. Unalipa kama kodi ya nyumba: mwezi ukiisha hujalipa, uko nje. Mwaka 2020 ikabana toleo la bure la Fusion 360 ambalo wapenzi wengi wa 3D walikuwa wamejijengea humo. Mafaili yaliyo hai yakawekewa kikomo cha 10, na ikatangazwa kuwa kutoa kazi kwa muundo wa STEP kungeondolewa. Watu wakawaka, na hilo la STEP kampuni ikalirudisha. Haikuvunja sheria yoyote. Chumba kilikuwa chake tangu mwanzo.

Hapo ndipo wengi walipoanza kuiangalia FreeCAD kwa jicho jipya. Imeanza kutengenezwa 2002 na toleo lake la 1.0 limetoka Novemba 2024. Ndiyo, miaka 22! Wanaoicheka wana sababu zao. Ila hakuna atakayekuamsha asubuhi na kukwambia faili lako limefungwa.

Kwa hiyo tumia chochote kinachokulipa, AutoCAD, SolidWorks, yoyote. Ila kila kazi ikiisha, toa nakala ya STEP au DXF uiweke pembeni kwenye diski yako. STEP haibebi hatua zote ulizopitia, inabeba umbo, lakini umbo ni bora kuliko kubaki unaangalia alama ya kufuli. Hasa wewe unayetumia ya kukraki au ya chuo: siku leseni ikikata, mteja wa ghorofa lake hatasubiri.

Haya, zamu yenu. Unachorea nini, na leo ukifungiwa, utatoka na kazi zako ngapi? Dondosha hapo chini, ila tusitukanane.