Kutoka beseni la Vienna hadi ubao wa alama

Nimepotea kidogo hapa kibarazani, naomba radhi. Nilikuwa nakesha wodini kumuuguza mama mdogo aliyefanyiwa upasuaji. Hospitali siitaji. Siku ya tano kidonda kikaanza kutoa usaha. Usiku huo nikamhesabia nesi wa zamu: aligusa wagonjwa sita, akanawa mara moja.

Asubuhi nikamuuliza kwa adabu: “Dada, samahani, kunawa kwa kila mgonjwa haiwezekani?” Akacheka kichovu. “Mdogo wangu, koki iko kule mwisho wa korido. Nikienda na kurudi kila mara, nani atambadilishia dripu huyu mama yako?”

Sikuwa na jibu. Nikaenda kusoma, na niliyoyakuta ndiyo haya.

Mwaka 1847, Hospitali Kuu ya Vienna ilikuwa na kliniki mbili za wazazi: moja ya madaktari na wanafunzi wao, nyingine ya wakunga. Ya madaktari ndiyo iliyoongoza kwa vifo vya homa ya uzazi. Daktari mmoja Mhungari, Ignaz Semmelweis, aling'amua kwamba madaktari na wanafunzi walitoka kupasua maiti, kisha wakaenda kuzalisha. Katikati ya Mei akaamuru kila mtu anawe kwa maji ya klorini kabla ya kumgusa mzazi. Aprili, kati ya kila wazazi 100, zaidi ya 18 walikufa. Juni walikufa kama 2 tu.

Utadhani walimbeba juu juu. Wapi! Wakubwa wengi walimpinga. Daktari gani angekubali kuambiwa kuwa mikono yake inaua? Semmelweis alifariki 1865, akiwa amefungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili.

Sasa turuke karibu miaka 150, hadi Geneva. Mwaka 1994 Didier Pittet na wenzake walihesabu na kukuta wahudumu wa hospitali yao, watu waliosoma kabisa, wananawa 48% tu ya nyakati zinazotakiwa. Badala ya kufoka, walisambaza chupa za dawa ya spiriti karibu na vitanda, ili mtu asitembee kutafuta sinki, na wakabandika mabango kila kona. Kufikia mwisho wa 1997 ikawa 66%, na kufikia 1998 wagonjwa waliopata maambukizi humo humo hospitalini walishuka kutoka karibu 17 hadi 10 katika kila 100. Kumbe swali la yule nesi lilikuwa na jibu siku nyingi!

Huko Los Angeles, hospitali ya Cedars-Sinai iliingiza zawadi. Walengwa walikuwa madaktari. Kikosi kilizunguka wodini, na daktari aliyekutwa akinawa alipewa kadi ya Starbucks ya dola 10. Kutoka 65% wakafika 80%. Kisha viongozi wao wakaombwa wabonyeze viganja kwenye visahani vya kuoteshea vijidudu. Picha za kilichoota zikawekwa kwenye kompyuta za hospitali, zikitokea kila kompyuta inapoachwa bila kutumika. Wakakaribia 100%. Kahawa ilisaidia, kinyaa kikamaliza kazi.

Gemu lenyewe lilichezwa katika jimbo la New York, hospitali ya North Shore, kuanzia 2008. Katika wodi ya wagonjwa mahututi yenye vitanda 17 zilifungwa kamera zinazotazama masinki na chupa za dawa. Mtu akiingia au kutoka chumbani, alitakiwa awe ametakasa mikono ndani ya sekunde 10. Wiki 16 za kwanza kamera zilihesabu tu, bila kumwambia mtu matokeo: hawakufika hata 10%. Kisha ukawashwa ubao wa taa koridoni, unaoonyesha alama za zamu nzima papo hapo, kama ubao wa uwanja wa mpira. Wiki 16 zilizofuata wakapanda hadi 81.6%.

Tazameni vizuri: kamera zilikuwepo muda wote. Kilichobadilika ni kwamba waliokuwa wanahesabiwa nao waliziona hesabu. Na zilikuwa alama za timu, si za kumwaibisha fulani.

Hata hivyo sijalewa teknolojia. Kamera ile ilihesabu mlangoni, haikuona mkono unaotoka kwenye kidonda kwenda kwenye mrija wa dripu. Mtu anaweza kushinda gemu na mgonjwa akashindwa. Na ubao wa alama mahali ambapo koki iko mwisho wa korido ni kejeli kwa nesi. Kwanza chupa kitandani, ndipo alama. Kisingizio cha umbali hatuna: kanuni ya Shirika la Afya Duniani ya kutengeneza dawa hiyo iko wazi kwa yeyote, na jirani zetu Uganda wanaitengeneza kwa spiriti ya molasi ya miwa.

Mama mdogo amerudi nyumbani, anaendelea vizuri. Yule dada bado yuko zamu. Mimi nilimhesabia makosa usiku kucha. Hatua za kwenda kwenye koki sikuzihesabu.

Nawasilisha.