Duro Nane kwa Mateka Aliye Hai

Inasimuliwa kwamba askari mmoja wa Aljeria alimwendea kiongozi wake, Emir Abdelkader, kutaka kujua bei. Akileta Mfaransa aliye hai atalipwa nini? Akajibiwa: duro nane. Je, akileta kichwa tu? Akajibiwa: viboko 25 vya nyayo.

Duro ilikuwa sarafu ya fedha ya Kihispania, ile ambayo wazee wa pwani yetu waliiita reale ya mzinga. Nane hazikuwa haba kwa mpiganaji aliyekuwa akilala nje na farasi wake. Kabla ya hapo mambo yalikuwa kinyume: kichwa cha adui ndicho kilichokuwa ushahidi wa ushujaa, na aliyekirudisha kambini alitunzwa. Emir aliigeuza biashara hiyo. Charles Henry Churchill, kanali Mwingereza aliyezungumza naye ana kwa ana na kuchapisha maisha yake mwaka 1867, anaitaja amri yenyewe: duro nane kwa mateka mwanamume, kumi kwa mwanamke, na mateka akilalamika kwamba ameteswa, aliyemleta hapati kitu.

Abdelkader hakuwa mwanajeshi wa kusomea. Alizaliwa karibu na mji wa Mascara katika nyumba ya mashehe wa tarika ya Kadiria, tarika hiyo hiyo ambayo zikiri zake zinajulikana Unguja na Bagamoyo. Alihifadhi Kurani na kusoma fikihi, na baada ya hapo ndipo vita vikamkuta. Wafaransa waliuteka mji wa Algiers mwaka 1830. Miaka miwili baadaye makabila ya magharibi yalimpa baia, yaani kiapo cha utii, kijana huyo wa miaka isiyozidi 25.

Naeleza hayo kwa sababu wako wanaodhani huruma yake aliipata kwa Wazungu. Lakini vita vya Solferino, vilivyomchoma moyo Henry Dunant hadi akaanzisha harakati za Msalaba Mwekundu, vilipiganwa mwaka 1859, na Mkataba wa Geneva ukatiwa saini mwaka 1864. Wakati huo Emir alikwishaweka silaha chini miaka mingi. Alichokuwa nacho mkononi ni vitabu vya chuoni. Sura ya 76 inawasifu wanaomlisha maskini, yatima na mateka. Sura ya 47 inasema mateka waachiliwe baadaye, kwa hisani au kwa fidia, hadi vita vitue mizigo yake. Na wanafunzi wa sira wanazijua habari za Badri, mwaka wa pili wa Hijra: mateka wapatao 70 walipofikishwa Madina, Mtume aliagiza watendewe wema. Abu Aziz, mmoja wao, alisimulia baadaye kwamba waliomshika walimpa yeye mkate, wao wakala tende, na Madina ya siku zile mkate ulikuwa adimu kuliko tende. Asiyekuwa na fidia lakini akajua kuandika, alijikomboa kwa kuwafundisha watoto kumi.

Tusiifanye historia kuwa kasida. Baada ya Badri hiyo hiyo wawili kati ya waliotekwa waliuawa, na mafakihi waliokuja baadaye walihitilafiana juu ya mamlaka ya imamu kwa mateka: kuacha huru, kukomboa, kufanya mtumwa, hata kuua. Milango yote hiyo imo vitabuni. Emir alichagua kuingia kwa mlango wa kuacha huru na kukomboa.

Mwaka 1841 askofu wa Algiers, Dupuch, alimwandikia barua kumwombea mateka mmoja, mtu wa mke na mtoto mchanga. Jibu lilimshtua. Emir alimwambia kwamba angemwona mtu wa Mungu zaidi kama angewaombea Wakristo wote walioshikwa, na zaidi ya hapo kama angewakumbuka na Waislamu waliojaa katika magereza ya Wafaransa. Mwaka huo huo mateka wakabadilishwa. Baadaye Emir akataka apelekewe padri akae kambini, asali na mateka na kuwaandikia barua za nyumbani. Mateka wanawake walitunzwa na mama yake mwenyewe, Lalla Zohra.

Kisha ikaja aibu. Septemba 1845 jeshi lake lilishinda Sidi Brahim, na mateka wakaongezeka. Aprili 1846 Emir akiwa mbali, akiwindwa na majeshi ya Ufaransa, kambi ilikuwa na njaa na Wafaransa walikuwa wakikaribia. Usiku mmoja mateka zaidi ya 200 wakauawa, wakaachwa hai maofisa na wengine wachache. Aliyekuwa na dhamana ya kambi ni khalifa wake, Mustafa ben Thami, shemeji yake. Mwaka uliotangulia Kanali Pélissier alikuwa amewasha moto kwenye midomo ya mapango ya Dahra, na watu wa kabila la Ouled Riah, wanawake na watoto wakiwamo, wakafa humo kwa moshi kwa mamia. Wapo wanaoyataja ya Dahra kuwa udhuru wa yale ya kambini. Mimi siuoni udhuru, na fikihi ya Emir mwenyewe haiutoi: mateka hajibu kwa kosa la wenzake.

Desemba 1847 Emir alijisalimisha kwa ahadi kwamba angepelekwa Alexandria au Acre. Meli ikaelekea Toulon, Ufaransa. Akafungwa huko, kisha Pau, kisha kasri la Amboise, pamoja na familia na wafuasi wake. Dupuch, yule askofu wa barua, alikwenda kumwona na mwaka 1849 akachapisha kitabu cha kumtetea. Louis-Napoléon, mtawala wa Ufaransa, alimwachia Oktoba 1852.

Julai 1860 alikuwa Damascus, mhamiaji tu, asiye na dola. Vita vya Wadruzi na Wakristo Wamaroni wa Lebanoni vilikuwa vimemwaga damu, na ndani ya mji Waislamu wengi walinung'unikia hadhi mpya ambayo masultani wa Istanbul walikuwa wamewapa Wakristo. Tarehe 9 fujo zikalipuka. Mtaa wa Wakristo ukachomwa na maelfu wakauawa, gavana akitazama. Emir akawatuma Waaljeria wake kuokota watu vichochoroni. Nyumba yake ikajaa hadi watu wakahamishiwa ngomeni kwa mafungu. Kundi lilipofika mlangoni likitaka lipewe waliomo, alitoka na silaha akalikabili. Wakubwa wa mtaa wa Midan nao waliwaficha majirani zao. Kisha Emir akarudia dawa yake ya zamani: akatangaza piastra 50 kwa kila Mkristo atakayeletwa kwake akiwa hai, akaketi penye lango na mfuko wa fedha.

Sifa zikamiminika. Ufaransa ilimpa nishani, Rais Lincoln wa Marekani alimpelekea bastola, na Imam Shamil, kiongozi wa Waislamu wa Kaukazi aliyekuwa mateka wa Warusi, alimwandikia kumpongeza. Yeye alimjibu askofu wa Algiers aliyemrithi Dupuch kwamba alilofanya lilikuwa haki ya sharia na haki ya ubinadamu. Yaani alilipa deni.

Alifariki Damascus mwaka 1883 akazikwa karibu na kaburi la mwanasufi Ibn Arabi. Mwaka 1966 Aljeria huru ilirudisha mabaki yake Algiers. Watu wake 25 waliofariki wakiwa kifungoni Amboise, watoto wakiwamo, bado wamelala katika bustani ya kasri lile.