Tarehe ya Jukwaa Lizungukalo, na Haki ya Osaka

Hii ni tarehe ya jukwaa lizungukalo, na asili yake ni Osaka, Japani, mtaa wa Dotonbori, katika ukumbi wa Kado-za, mwaka 1758. Mwasisi ni Namiki Shozo, mtunzi wa kabuki, michezo ya kuigiza ya jadi ya Kijapani, ambaye baba yake alikuwa na nyumba ya chai ya kuhudumia watazamaji, basi alikulia palepale ukarimu na burudani vinapokutana. Mwaka 1753 alikwisha kutumia jukwaa la kuinuka kutoka chini ya sakafu, kwa hiyo lililofuata halikuwa bahati nasibu. Wazee wa kabuki husimulia kwamba wazo alilipata kwa kuitazama pia, ile wachezayo watoto, ikizunguka. Sioni sababu ya kuwabishia, maana alichokijenga ni pia hasa: sakafu ya jukwaa ikakatwa duara, duara likashikwa na mhimili ulioshuka chini, na huko chini watu wakausukuma. Mandhari ya kwanza ikigeuka kuondoka, ya pili iliyosimamishwa mgongoni mwake hujitokeza, na mchezo haukatiki.

Wako wasemao kwamba heshima hii ni ya Karl Lautenschläger wa Munich, aliyeweka jukwaa la duara lililoendeshwa kwa umeme katika ukumbi wa Residenztheater, mwaka 1896, kwa ajili ya opera ya Mozart, Don Giovanni. Fundi huyo simnyimi sifa, lakini hesabu haisemi uongo: Osaka imemtangulia kwa miaka 138. Alichobadilisha yeye ni msukumaji, si umbo. Wengine hutaja Nakamura Denshichi, Mjapani mwenzake Shozo, aliyezungusha duara kabla yake. Ni kweli, ila lake lilikuwa ubao wenye magurudumu uliowekwa juu ya jukwaa, na kuweka kitu juu ya sakafu si sawa na kuifanya sakafu yenyewe itembee. Hoja nzito zaidi ni ya Kaisari Nero wa Roma. Mwandishi wa kale wa Kirumi, Suetonius, aliandika kwamba ukumbi wake mkuu wa karamu ulizunguka mchana na usiku kama mbingu, na mwaka 2009 wachimbuaji wa mambo ya kale walifukua kwenye kilima cha Palatino nguzo ya duara yenye upana wa mita 4, wakadhani ndiyo iliyoubeba. Tukubali kwamba ulikuwapo. Hata hivyo Nero alikufa mwaka 68, kasri lake likafukiwa, na fundi wake hakuacha mwanafunzi anayejulikana. Aliyekufa bila mzao hatajwi kuwa babu wa ukoo.

Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa sababu wasukumaji husahauliwa. Wajapani huliita shimo lililo chini ya jukwaa naraku, yaani kuzimu, na jina halikukosewa: pana giza, na watu huinamia mbao kwa mabega huku juu yao wachezaji wakishangiliwa. Katika mji wa Kotohira, ukumbi wa Kanamaru-za uliojengwa mwaka 1835 ungali una jukwaa la namna hiyo, na huzungushwa kwa nguvu za watu. Anayetilia shaka ustadi wa Osaka na ashuke huko.

Turudi kwenye uzao. London ilipata jukwaa lake katika ukumbi wa Coliseum mwaka 1904. Mikahawa ya kuzunguka ilifuata: Dortmund mwaka 1959, Cairo na Honolulu mwaka 1961, na Nairobi ikapata wake juu ya KICC, jengo la mikutano lililofunguliwa mwaka 1973. Mtu atasema mkahawa si mtoto wa jukwaa, kwani mmoja hubeba wageni na mwingine mandhari. Lakini tazama ujenzi. Katika mnara wa Space Needle wa Seattle, uliofunguliwa mwaka 1962, ukanda wa sakafu ulio karibu na madirisha ndio uliozunguka. Kiini chenye lifti na ngazi kilitulia, kwa kuwa bomba la maji haliwezi kusokotwa siku nzima. Uzito ukilala sawasawa juu ya magurudumu madogo, na mwendo ukiwa wa polepole, nguvu ndogo hutosha: sakafu ile ilianza kuzungushwa na mota ya nguvu ya farasi mmoja tu. Kukata sakafu, kutenga kinachokwenda na kinachotulia, kisha kuficha mtambo chini ya miguu ya wageni, ndiyo kanuni ya Kado-za. Hata Las Vegas, ambako jukwaa la onyesho la KÀ, lenye takriban tani 36, huinuka, huzunguka na kuinama karibu wima, kilichoongezwa ni mafuta ya haidroliki na kompyuta. Shozo alifariki mwaka 1773. Munich ilileta umeme. Duara ni la Osaka.