Waridi Linalowaka

Rangi za kucha zinazopendwa majira ya joto huko Ulaya na Marekani, hasa lile waridi kali mithili ya taa, huitwa rangi za neoni. Jina hilo si haki yake. Neoni ni hewa, iliyogunduliwa London mwaka 1898 na William Ramsay na Morris Travers, kisha Georges Claude akaionesha Paris mwaka 1910 ndani ya mirija ya kioo. Ikipitishiwa umeme hutoa mwanga mwekundu unaoelekea chungwa. Katika kichupa cha rangi ya kucha hamna hata chembe yake. Kilichomo kina nasaba nyengine, na nasaba hiyo haikuanzia kwenye urembo.

Kwanza ni utando wenyewe. Pamba ikitiwa asidi ya naitriki huwa naitroselulosi, aliyoitangaza Christian Schönbein mwaka 1846, na sifa yake ya mwanzo ilikuwa kulipuka. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza ikayeyushwa ikafanywa rangi ya magari, yenye kukauka upesi na kung'ara. Kutoka bati la gari hadi ukuchani haikuwa safari ndefu. Northam Warren alikwisha kutoa rangi yake ya maji kwa jina la Cutex mwaka 1917, jina ambalo katika vinywa vya wengi wa Afrika Mashariki limekuwa la kila rangi ya kucha, awe ameitengeneza nani. Revlon, iliyoanzishwa New York mwaka 1932, ikaleta rangi nzito iliyoufunika ukucha wote. Mwaka 1937 Elsa Schiaparelli, mbunifu wa mavazi wa Paris, akatoa manukato aliyoyaita Shocking pamoja na waridi kali la jina hilohilo, na upole wa waridi ukaishia hapo.

Hata hivyo, waridi la Schiaparelli kwa ukali wake wote lilikuwa likirudisha nuru iliyolipiga, basi. Lile la kuwaka lilizaliwa gizani. Mwaka 1933 kijana wa Berkeley, California, Bob Switzer, aliumia kichwani akiwa kazini, macho yake yakadhurika, ikampasa kuuguzwa katika chumba cha giza. Yeye na nduguye Joe, mpenzi wa mazingaombwe, wakaingia na taa ya urujuanimno katika duka la dawa la baba yao wakitafuta vitu vinavyong'aa. Rangi zao za awali zilikuwa za kushangaza watu jukwaani. Baadaye wakapata zinazowaka hata mchana. Rangi hizo humeza urujuanimno, ambao jicho halioni, na kuutema ukiwa nuru inayoonekana. Katika Vita Vikuu vya Pili askari walitandika ardhini vitambaa vya rangi hizo huko Afrika Kaskazini, ili marubani wa upande wao wasiwapige kwa makosa.

Ndiyo maana waridi hili hupendeza zaidi jua likiwa kali. Anayelijaribu mara ya kwanza hushauriwa atangulize mpako mweupe, kwani peke yake ni jepesi na huhitaji kitu chini yake cha kuirudisha nuru. Jua hilohilo, kwa ujeuri wake, hulipausha upesi kuliko rangi za kawaida.

Visiwani na mwambaoni utando huu uliukuta ukucha una mwenyewe. Hina hushikamana na ukucha wenyewe, haiweki ngozi juu yake, na maji ya udhu hufika. Rangi ya kichupa hukaa juu, na kauli ya mafakihi ni wazi: kizuiacho maji huondolewa kabla ya kutawadha. Basi mwanamke asaliye huipaka zaidi katika siku ambazo sala imemwondokea. Hapo ndipo rangi iliyowahi kutumiwa ili ionwe na rubani angani husema, mbele ya kaka na mashemeji, jambo ambalo mwenyewe asingelitamka. Wako waiachao kwa haya hiyo, na wako waipakao vidole vya miguu tu wakavaa viatu vya kufunika.

Mkemia wa Poland, Wojciech Inglot, aliyefariki mwaka 2013, alitengeneza rangi ipitishayo hewa na mvuke, akikusudia afya ya ukucha. Mwanachuoni mmoja wa California akaandika juu yake baada ya jaribio la karatasi ya kuchujia kahawa, na wanawake wa Kiislamu wakaikimbilia madukani. Wengine walikataa: mvuke upenyao si maji yapitayo, na udhu ni kuosha. Hoja hii ya pili si nyepesi, wala haijajibiwa ikawatosha wote.

Hina, kwa upande wake, haijui waridi. Hutoa chungwa, wekundu na hudhurungi, na haiondoki ukuchani ila ukucha ukue ukatwe.