Ngoma Mpya Kutoka Ushago: Mahali pa Kuzisaka, na Vile Bendi ya Nyacheki Inaweza Kujitangaza Bila Lebo

Kuna msee saa hii ako kwa studio ya mabati huko Bobasi anarekodi ngoma kali, na uwezekano mkubwa ni hutawahi kuiskia. Ataiweka YouTube, mabeshte zake wataiwatch, itafika views mia mbili halafu ilale. Mwaka ujao atauza keyboard arudi kwa boda. Hiyo story iko Nyacheki, iko Nyamache, iko Keroka, iko kila mahali.

Hii makala ni ya watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wewe umechoka kuskia ngoma zilezile ishirini kila siku. Wa pili ni wewe uko na bendi na hujui uanzie wapi. Isome, iweke, irudie ukiwa na shida.

Kwanza, indi ni nini?

Watu wengi hudhani indi ni mtindo, ati lazima kuwe na gitaa na nywele ndefu. Zii. Indi ni vile biashara imepangwa. Msanii amejilipia studio, anamiliki rekodi yake, na hakuna lebo kubwa inamwambia aimbe nini. Benga inaweza kuwa indi. Drill pia, na hata kwaya ya kanisa.

Wakadinali walitoa albamu ya *Victims of Madness* 2020 chini ya mbogi yao wenyewe, Rong Rende. Just a Band walianza kama wanafunzi wa Kenyatta University, wakajitengenezea biti na video. Huko Dar es Salaam, vijana wa Sisso Studios walikuwa wanapika singeli mtaani hadi 2017 ikatoka albamu ya mkusanyiko, *Sounds of Sisso*, kupitia Nyege Nyege Tapes ya Uganda. Hapo ndio mastage za Ulaya zikaanza kuwaita. Hakuna kati yao alingoja kuitwa na mdosi wa lebo.

Kwa nini Gusii ni mgodi

Wagusii wako na obokano, kinubi kikubwa cha nyuzi nane chenye besi nzito inayonguruma. Ukiiskia mara ya kwanza utadhani mtu ameweka spika mbovu, kumbe ndio utamu wenyewe. Grandmaster Masese ameichukua hiyo obokano akaichanganya na mashairi hadi vijana wa Nairobi wakaanza kuuliza hicho kitu kinaitwaje.

Halafu kuna benga ya Ekegusii. Christopher Monyoncho aliimba kwa lugha ya nyumbani enzi za santuri, na hadi leo ukienda sherehe Kisii wazee wanasimama ngoma zake zikiwekwa. Baada yake wakaja kina Sabby Okengo. Kwa hivyo kijana wa Nyacheki hatoki kwa jangwa. Ako na mizizi, ako na sauti ambayo hakuna msee wa Lagos anaweza kuiga. Shida yake kubwa ni kufikia masikio.

Kama wewe ni msikilizaji: saka hapa

*Redio za lugha.* Egesa FM na Minto FM hucheza wasanii wa Gusii ambao hutawaskia kwa stesheni za Nairobi. Skiza vipindi vya usiku na wikendi, hapo ndio mapresenta huwa na uhuru kidogo. Ukiskia kitu, andika jina hapo hapo. Shazam mara nyingi haitambui ngoma za ushago, ju hazijasajiliwa popote.

*Msee wa movie shop.* Usimdharau. Yule jamaa wa kujaza flash disk hapo stage anajua ngoma gani imeulizwa mara kumi wiki hii. Muulize, "Nini inaombwa sana na siijui?"

*Mixi za madijei.* Ingia YouTube utafute mixi za benga ya Kisii. Fungua maelezo hapo chini uone orodha ya ngoma, kisha fuata jina moja moja hadi kwa chaneli ya msanii mwenyewe. Mixi ni mlango tu. Ukikaa kwa mixi, doo inaenda kwa dijei, msanii anabaki mkavu.

*Soma kredi.* Ukipenda ngoma, angalia produsa ni nani, kisha tafuta nani mwingine amerekodi kwake. Hii ndio njia ya haraka kushinda zote, ju produsa mmoja wa mtaa huwa na wasanii wengi ambao bado hawajulikani.

*Bandcamp.* Hapa unanunua ngoma moja kwa moja kwa msanii, na mtandao unabaki na asilimia 15 pekee. KMRU, produsa wa Nairobi, hutumia Bandcamp kurudisha sokoni ngoma za babu yake, marehemu Joseph Kamaru, nguli wa muziki wa Kikuyu. Hebu fikiria mtu afanye hivyo na santuri za Kisii zinazooza kwa stoo za wazee.

*Kumbukumbu.* Ketebul Music walitoa *Retracing the Benga Rhythm* mwaka 2008, kitabu na rekodi kuhusu historia ya benga. Ukijua ngoma ilitoka wapi, utaijua ile mpya ikipita.

Kama mko kwa bendi: karatasi kabla ya kiki

Tuseme mko wanne Nyacheki. Mmoja anaimba, mmoja gitaa, mmoja besi, mmoja ngoma. Kabla ya video, fanyeni hizi vitu nne.

1. Gawaneni kwa maandishi. Nani aliandika maneno, nani alitunga melodi, kila mtu anapata asilimia ngapi. Karatasi moja, sahihi nne, kila mtu apige picha. Bendi nyingi huvunjika ngoma ikishahit, na hakuna mtu anakumbuka mlikubaliana nini.

2. Kubalianeni na produsa. Nani anamiliki masta? Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001, haki haiwezi kuhamishwa kwa mdomo tu, lazima iandikwe. Kama mmelipa studio, andikeni kwamba masta ni yenu na faili mtapewa. Kama hamkulipa na produsa anachukua asilimia, andikeni pia.

3. Sajilini kazi KECOBO. Hakimiliki yako inaanza siku unarekodi, hata bila usajili. Lakini cheti ndio ushahidi siku mtu ameiba. Usajili unafanyika mtandaoni, huhitaji kupanda gari hadi Nairobi.

4. Jueni nani anawakusanyia. Baa, hoteli, matatu na redio zinafaa kulipia muziki. MCSK ni ya watunzi, PRISK ya waimbaji na wapiga vyombo, KAMP ya wenye rekodi. Hizi vyama huvutana na leseni zao hubadilika, kwa hivyo cheki na KECOBO ni nani ako na leseni mwaka huo kabla ujisajili.

Kutoa ngoma: wiki nne zinatosha

*Wiki ya kwanza: faili.* Chukua ngoma kwa WAV, si MP3. Ngoma ya dakika tatu kwa WAV ni kama MB 30, kwa MP3 ya kawaida ni kama MB 3. WAV ni ya wasambazaji, MP3 ni ya kutuma WhatsApp. Itume kama dokumenti. Picha ya kava iwe mraba, pikseli 3000 kwa 3000, na jina lisomeke hata kwa simu ndogo.

*Wiki ya pili: msambazaji.* Spotify na Apple Music hazipokei ngoma kutoka kwako moja kwa moja. Unapitia kampuni kama DistroKid, TuneCore au CD Baby. Zingine zinataka ada ya kila mwaka, CD Baby inalipwa mara moja kwa kila toleo halafu inakata asilimia 9. Soma hiyo sehemu vizuri, ju ukiacha kulipa ada ya mwaka ngoma inaweza kushushwa. Mdundo, iliyoanzia hapa Kenya, inakuruhusu kuweka ngoma mwenyewe, na mashabiki wanadownload bure huku matangazo yakilipa. Kwa mtu wa ushago mwenye bando ndogo, kudownload mara moja ni afadhali kuliko kustrimu mara kumi.

*Wiki ya tatu: kuomba nafasi.* Spotify ilifika Kenya Februari 2021, na inakuruhusu kupendekeza ngoma yako kwa pleilisti zao, bora ufanye hivyo angalau siku saba kabla itoke. Ukitoa ngoma leo usiku ju umeboeka, umejinyima hiyo nafasi.

*Wiki ya nne: vipande.* Kata video fupi tano za sekunde kumi na tano. Moja ya kiitikio, moja ya obokano au gitaa pekee, moja mkirehearse, moja ya mtu wa soko akiskia ngoma mara ya kwanza, moja ya maana ya maneno. Hiyo ya mwisho ni muhimu. Kama unaimba Ekegusii, weka tafsiri kwa skrini, ili msee wa Mombasa naye apate mashiko.

Soko la nyumbani liko na kalenda yake

Usicopy ratiba ya Nairobi. Kisii na Nyamira ni nyumba ya Waadventista wengi, kwa hivyo shoo ya Jumamosi mchana utaimbia viti. Jumapili ndio siku. Bonasi ya majani chai huingia karibu Oktoba, na hapo watu wako na ganji. Desemba watu wanarudi ushago kutoka Nairobi na Nakuru, kuna sherehe za vijana kutoka jandoni, na kila boma linataka muziki. Ngoma ikitoka mwanzo wa Novemba, Desemba itakuwa imeshaiva.

Tafuta mabeshte wa stage. Mpe kila dereva wa probox na nganya ngoma kwa flash, bure. Wasee wa boda nao wako na spika na wanazunguka siku mzima, hiyo ni redio ya bure. Presenta wa redio mfikie kwa heshima: ngoma moja, maneno matatu kuhusu bendi, namba ya simu. Usimtumie linki kumi.

Halafu kuna diaspora. Wagusii wengi wanaishi Minnesota huko Marekani, wako na harusi na harambee zao, na wanataka muziki wa nyumbani. Strimu moja ya Marekani kwa kawaida inalipa zaidi kuliko ya Kenya. Omba binamu akuweke kwa gurupu zao za WhatsApp.

Kiki: itumie, isikutumie

Machi 2010 Just a Band walitoa video ya *Ha-He*. Mhusika mkuu alikuwa Makmende, jina la Sheng ya kitambo la mtu anayejiona shujaa. Wakenya wakaanza kumtungia vichekesho mtandaoni hadi magazeti ya nje yakaandika. Bendi haikulazimisha mtu, iliwapa watu kitu cha kucheza nacho.

Nyamira imetoa mfano mwingine. Embarambamba, mwimbaji wa injili, alisambaa Kenya nzima akijigaragaza kwa matope na kupanda miti. Anajulikana kuliko wasanii wengi wenye bajeti kubwa. Lakini KFCB ilimkanya kuhusu video zake, na ukiuliza watu mtaani wengi wanakumbuka matope kabla ya wimbo.

Ethic nao, 2018, walitoa *Lamba Lolo* kwa video ya bei nafuu mtaani Umoja, na gengetone ikalipuka. Hapo kiki ilikuwa ngoma yenyewe. Jiulize: video ikizimwa, mtu ataimba kiitikio? Kama jibu ni zii, rudi studio.

Doo inatoka wapi kweli?

Usidanganywe na strimu. Tangu 2024, ngoma isiyofika strimu 1,000 kwa miezi 12 hailipwi kitu kwa rekodi yake Spotify. YouTube inataka subscribers 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa kwa mwaka, au views milioni 10 za video fupi kwa siku 90, ndio uanze kugawiwa doo ya matangazo. Skiza ya Safaricom bado ni mlango mzuri kwa ngoma za lugha, mashabiki hupiga *811#. Unaingia kupitia kampuni yenye mkataba, kwa hivyo uliza mkato kabla ya kusaini.

Bendi ndogo hula kwa shoo: harusi, harambee, hafla za shule. Weka bei, chukua nusu kabla. Mkishakomaa, jaribuni Sauti za Busara ya Zanzibar, ambayo imekuwepo tangu 2004 na huita wasanii watume maombi. Kwanza muwe na video safi ya shoo ya moja kwa moja.

Mitego mitatu

- Mtu anakuuzia strimu 50,000. Ni roboti. Spotify inashusha hizo namba na inatoza wasambazaji faini, na akaunti yako inaweza kufungwa.
- "Promota" anataka ulipe ndio upewe stage. Promota wa kweli hulipa msanii, ama mnagawana mlango.
- Mkataba wa lebo wa kurasa kumi unaoambiwa usaini leo leo. Peleka kwa wakili, ama ukae nao wiki moja. Kama ofa ni ya ukweli, Jumatatu bado itakuwepo.

Kazi yako wiki hii

Msikilizaji: tafuta msanii mmoja wa Gusii mwenye views chini ya elfu moja. Skiza ngoma nzima, subscribe, tumia watu watatu. Kwa chaneli ndogo hao watatu ni wengi. Bendi: leo usiku kaeni chini na ile karatasi ya asilimia. Obokano imefika hapa bila lebo, bila intaneti, ju kila kizazi kulikuwa na mtu mmoja aliyekubali kuibeba. Hii zamu ni yenu.