Taratibu Ndogo za Kila Siku: Urithi wa Kutunza Nafsi katika Kanisa la Kilutheri

Historia ya usharika huhesabiwa mara nyingi kwa majengo yake, idadi ya waliobatizwa na majina ya wachungaji waliouhudumia. Hata hivyo, ipo historia nyingine isiyochorwa kwenye jiwe la msingi. Ni historia ya mambo madogo ambayo Wakristo wameyafanya majumbani mwao asubuhi na jioni, kizazi hata kizazi. Katika mapokeo ya Kilutheri mambo hayo hayakuzaliwa wakati wa raha. Yalizaliwa katika taabu ya moyo.

Mwaka wa mashaka

Tarehe 6 Julai 1527, mjini Wittenberg, Martin Luther alishikwa na uchungu mkubwa wa rohoni, kisha mwili nao ukazidiwa hata akadhani anakufa. Rafiki zake Johannes Bugenhagen na Justus Jonas walikuwa karibu naye. Mwezi wa Agosti tauni ikaingia mjini, na Chuo Kikuu kikahamishiwa Jena. Luther alibaki pamoja na mkewe Katharina aliyekuwa mjamzito, na nyumba yao ikapokea wagonjwa. Binti yao Elisabeth alizaliwa Desemba mwaka huo, akafariki Agosti 1528. Katika majira hayo Mwanamatengenezo huyo, aliyewatia wengi moyo, aliwaandikia rafiki zake akiwasihi wamwombee.

Haikupita hata miaka miwili tangu siku ile ya Julai, Katekisimo Ndogo ikatoka, mwaka 1529. Wengi huikumbuka kwa Amri, Imani na Sala ya Bwana, walizojifunza kabla ya Kipaimara. Lakini humo mna pia utaratibu wa siku. Mkristo anapoamka hujifanyia ishara ya msalaba, husema Imani na Baba Yetu, huomba sala fupi, kisha huenda kazini kwa furaha huku akiimba. Jioni hufanya vivyo hivyo, halafu hulala mara moja kwa amani. Utaratibu wote huchukua dakika chache tu. Hata mtu aliyechoka au mwenye huzuni aweza kuufuata, kwa kuwa haumtaki atunge maneno mapya siku ambayo moyo wake ni mkavu.

Ushauri kwa wenye huzuni

Barua za Luther zinaonyesha kwamba hakutenga roho na mwili. Mwaka 1530 alimwandikia Hieronymus Weller, mwalimu wa watoto wake aliyesumbuliwa na huzuni, akimwonya asikae peke yake, bali atafute watu, azungumze na kucheka. Mwaka 1534 alimshauri Joachim, mtawala wa Anhalt, apande farasi, awinde na kufurahi pamoja na wengine. Ushauri huo unafanana na habari za Eliya katika 1 Wafalme 19. Nabii alipoomba afe, malaika hakumkemea. Aliachwa alale, akapewa mkate na maji, akalala tena, ndipo akaendelea na safari.

Mwaka 1535 Luther aliandika kijitabu juu ya njia nyepesi ya kuomba, kwa ajili ya kinyozi wake Peter. Wakati wa Pasaka mwaka huohuo, Peter alimchoma mkwe wake kisu, naye akafa. Luther hakumkana rafiki yake. Yeye na wengine walimwombea huruma, na Peter akafukuzwa nchini badala ya kuuawa. Tukio hili linafundisha kwamba taratibu njema si hirizi. Aliyezishika aweza kuanguka, na aliyeanguka bado anahitaji ndugu wa kusimama upande wake.

Kutoka Bethel hadi Lutindi

Urithi huu ulifika Afrika Mashariki kwa njia ya utumishi wa diakonia. Huko Bethel, Ujerumani, kazi iliyoanza mwaka 1867 kwa ajili ya wagonjwa wa kifafa ilikua sana chini ya Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh. Mashemasi waliolelewa huko walikuja kutumika Lutindi, katika milima ya Usambara, mahali palipofunguliwa mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliookolewa utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 Lutindi ikaanza kupokea wagonjwa wa akili, na hivyo ikawa miongoni mwa hospitali za kwanza za aina hiyo katika Afrika Mashariki. Baadaye huduma hiyo ikawa chini ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, kanisa lililoundwa mwaka 1963.

Pamoja na matibabu, Lutindi ilijulikana kwa siku yenye mpangilio. Palikuwa na ibada, chakula cha pamoja, na kazi katika bustani, karakana na shamba la chai. Mtu ambaye huenda alikuwa amefichwa au kufungwa kamba nyumbani alipewa jembe, nafasi mezani na mahali pa kuketi katika ibada. Humo hapakuwa na ushindani kati ya dawa na sala.

Fundisho kwa usharika

Usharika unaoadhimisha miaka 100 unaweza kuutambua urithi huu katika ibada za nyumbani, jumuiya, mazoezi ya kwaya, pumziko la Jumapili na ziara za wazee wa kanisa kwa wagonjwa. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo kubwa. Kila moja humtoa mtu katika upweke na kumrudisha kati ya watu na mbele za Mungu. Hayachukui nafasi ya daktari, wala ugonjwa wa akili si ushahidi wa imani haba. Mwenye sonona anapoambiwa aombe tu, huachwa peke yake, yaani mahali paleplae ambapo Luther alimkataza Weller kukaa.

Wazee waliotangulia walikiachia kizazi hiki sala fupi ya kuamkia na sala fupi ya kulalia. Kwa neema ya Mungu, watoto watakaosherehekea miaka 200 nao wazikute zikisemwa majumbani, na mlango wa jirani mwenye huzuni ukibishwa.