Kiwewe cha kurithi

Kiwewe cha kurithi ni maumivu ya nafsi yanayomfikia mtu ambaye hakuwapo msiba ulipotokea. Falsafa huuliza: jambo usiloliona litakuwaje kumbukumbu yako?

Eneo la Lunyo, wilayani Busia, Uganda, hulipa swali hili uzito. Mwaka 1902 Uingereza ilihamishia Mkoa wa Mashariki wa Uganda katika eneo lililokuja kuitwa Kenya, na Wasamia, wenyeji wa Lunyo, wakagawanywa na mpaka mpya. Watu wa ukoo mmoja wakawa wageni wao kwa wao kwenye makaratasi. Miaka hiyohiyo ugonjwa wa malale uliua zaidi ya watu 200,000 kandokando ya Ziwa Viktoria. Kuanzia 1906 Hesketh Bell, kamishna wa Uganda na baadaye gavana wake, aliamuru watu waondolewe ufukoni. Makaburi yalibaki nyuma, na hiyo ni hasara nzito kwa watu ambao wafu wao wana makao.

Mwanafalsafa Mkenya John Mbiti, katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alitumia maneno mawili ya Kiswahili: marehemu anayekumbukwa kwa jina yumo katika Sasa, akisahauliwa, huzama katika Zamani. Wasamia huwapa watoto majina ya marehemu wa ukoo, hivyo jina hubeba pia kilichompata mwenyewe wa kwanza. Wachanganuzi wa nafsi Nicolas Abraham na Maria Torok, huko Paris, waliona kinyume: kinachorithiwa ni siri ambayo mzazi hakuitamka.

Mbiti anaeleza Lunyo vizuri zaidi, ila hadi mpakani tu. Mpaka haujaingia Zamani. Jamaa bado wanauvuka kwenda mazikoni.